Rangi Juu ya Vanishi

Jumapili, 3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Najua simu umeiacha kwa sababu ya masikio. Hapa wanasema masikio yako yaliliwa na kelele za kompresa ya kupulizia rangi. Basi naandika, na ukiona mistari inapanda mlima ujue karatasi iko pajani, maana meza imejaa spoku za magurudumu.

Ni mimi Chiriku, mpwa wako, yule uliyesema hafungi mdomo hata akilala. Sasa nina miaka thelathini na moja. Mchana natengeneza meno bandia katika maabara ya daktari wa meno. Jioni na Jumapili nazifufua baiskeli za zamani za mashindano, zile za chuma, katika chumba changu cha nyuma. Nimeshamaliza mbili. Ya kwanza ilitoka na rangi iliyotiririka kama mishumaa. Ya pili watu husimama kuitazama.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Baba anasafisha stoo. Aliniambia nimtafutie mtu wa vyuma chakavu aichukue ile fremu yake nyekundu. Nikasema sawa, nikaichukua mwenyewe. Yeye anadhani imeshakwenda kuyeyushwa.

Historia naijua, kwa hiyo usihangaike kunieleza. Uliipaka rangi fremu hiyo kabla ya mashindano yake ya baiskeli. Wiki mbili baadaye bomba la chini la fremu lilipasuka kwenye mteremko, Baba akavunjika nyonga. Alikuta rangi nyekundu imeingia ndani ya ufa, akasema ulipaka juu ya ufa bila kukagua, nawe ukakubali. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo mezani kwetu wewe ni "yule".

Mimi sikuandikii kwa ajili ya hayo. Nakuandikia kwa ajili ya rangi. Nimechanganya nyekundu tano na zote zimetoka kama za mlango wa geti. Ile yako ilikuwa inawaka kutoka ndani. Uliipataje?

Mpwa wako,
Chiriku


12 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Miaka mingi hakuna mtu aliyeniuliza habari za nyekundu ile. Siku hizi napaka mabango ya maduka na madawati ya shule, na dawati halina shida, ukilipaka kijani linashukuru.

Sikiliza sasa. Kosa lako ni kutafuta nyekundu moja, na ile haikuwa moja. Kwanza praima, rangi ya msingi, ya kijivu, mikono miwili, yaani mipako miwili, kila mkono usuguliwe kwa msasa laini na maji. Halafu rangi ya fedha, nyembamba, laini kama ngozi ya yai. Juu ya fedha ndipo unapuliza nyekundu inayopitisha mwanga, iliyolegezwa na tina mpaka inaonekana kama juisi. Mkono mmoja utaona waridi. Mitatu utaona nyekundu. Minne ndipo itawaka, kwa sababu mwanga unaingia, unaigonga fedha, unarudi. Ukizidisha wa tano umeizima. Kisha mistari ya dhahabu kwa brashi ya nywele ndefu, pumzi umeishika. Mwisho vanishi, uioke. Mimi nilikuwa na kabati la bati lenye taa za joto. Sijui wewe una nini.

Bomba lililopasuka usimpe mtu wa umeme alichomelee. Chuma cha fremu hizo ni chembamba, umeme utalitoboa. Tafuta mzee anayeunga kwa gesi na shaba, akutolee bomba zima aweke jipya.

Jambo moja la mwisho, na unisikilize, si kama zamani ulipokuwa hunisikilizi. Rangi ya zamani usiikwangue kidogo kidogo kama unasafisha jino la mtu. Nunua dawa kali ya kuondoa rangi, ipake fremu nzima, ngoja robo saa, futa yote kwa mara moja. Anzia pale mbele, chini ya kichwa cha fremu. Usichunguze. Rangi iliyokufa haina la kukufundisha.

Msalimie mama yako ukiweza.

Mjomba


Jumapili, 24 Machi

Mjomba,

Nyekundu nimeipata. Nimeijaribu juu ya bati la zamani na nilipolitoa uani jirani aliuliza kama ni kioo. Mikono minne, kama ulivyosema. Ahsante, na hapa ndipo maneno matamu yanapoishia.

Sikutumia dawa kali. Kazi yangu ni meno, Mjomba. Sigusi kitu kabla ya kujua kimeundwa na nini. Nilipitisha pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha juu ya fremu nzima ili kuondoa mafuta. Vanishi yako haikutikisika. Ishirini na miwili hiyo miaka, na pamba ilirudi na vumbi tu. Nilijivuna kwa niaba yako.

Lakini chini ya kichwa cha fremu, pale ulipotaka nifute haraka bila kuchunguza, kuna sehemu ndogo, ukubwa wa dole gumba. Pale pamba ilirudi nyekundu. Nikapitisha nyingine, nyekundu tena. Ya tatu, ufa ukabaki wazi, chuma kitupu.

Ni rangi ya kucha. Hakuna rangi ya fundi inayoyeyuka hivyo kwa kupapaswa.

Nimekaa na jambo hili siku nne. Ningeweza kukuelewa kama ufa ulikupita machoni. Mafundi wote kuna siku wanachoka. Lakini mtu anayefunika ufa kwa rangi ya kucha ameuona. Ameuona, akauziba, akampa shemeji yake baiskeli aende nayo kwenye mteremko. Halafu unaniandikia nianzie hapohapo kufuta.

Nimekuwa nikikutetea kimoyomoyo tangu nikiwa mtoto. Nakuuliza mara moja tu: ni wewe?

Chiriku


31 Machi

Chiriku,

Ni mimi.

Nyekundu iliniishia, nilikuwa na haraka, nikachukua chupa ya rangi ya kucha iliyokuwa karibu, nikaziba, kisha nikapuliza vanishi juu yake. Niliona ufa ni wa rangi tu. Baba yako alisema kweli na mimi nilikubali siku ileile, sikumzungusha.

Sasa umejua. Endelea na kazi yako, weka bomba jipya, na jambo hili liache lilale. Ukitaka kunichukia una haki, ila usiharibu mkono wa nne wa nyekundu kwa hasira. Hasira huonekana kwenye rangi.

Mjomba


Jumapili, 7 Aprili

Mjomba,

Wewe unajua kupaka. Kudanganya hujui.

Nilibandua kipande kidogo cha rangi pembeni ya ufa, ambapo pamba haikufika, nikakipeleka kazini, nikakikata na kukitazama kwa darubini tunayotazamia kingo za meno. Tabaka zako zote zimepangwa kama kurasa: kijivu, fedha, nyekundu, uzi wa dhahabu, vanishi. Halafu, juu ya vanishi, rangi ya kucha. Wewe unasema ulipuliza vanishi juu yake. Haiwezekani. Aliyepaka rangi ya kucha alipaka kazi yako ikiwa imeshakwisha na kuokwa.

Tena ufa umeukata mstari wako wa dhahabu katikati. Ungekuwepo kabla, brashi yako ingepita juu yake. Na kidole changu kimeusikia mkunjo chini ya bomba, kama chuma kilichosukumwa kutoka mbele. Baiskeli hii iligonga kitu uso kwa uso baada ya kutoka mikononi mwako.

Kwanza naomba radhi. Barua yangu iliyopita ilikuwa na maneno makali na hukustahili hata moja.

Pili, nimekasirika kuliko mwanzo, ila si wewe tena. Baiskeli ilikaa nyumbani kwetu wiki mbili kabla ya mashindano. Tulikuwa watu watatu. Mimi nilikuwa siifikii hata pedali. Basi amebaki Baba. Aliigonga mwenyewe mazoezini, akaona aibu, akachukua chupa ya Mama akaficha, na alipoanguka akakutupia wewe. Na wewe kwa heshima ya dada yako ukameza. Miaka ishirini na miwili amekaa pale mezani akikuita "yule", na sisi tunainamisha vichwa.

Jumapili ijayo nitaibeba fremu mpaka kwake, niiweke mbele ya sahani yake. Nataka nimwone uso.

Chiriku


10 Aprili

Chiriku mwanangu,

Barua hii nimemlipa dereva wa lori la mbao aitie mkononi mwako, ili ifike kabla ya Jumapili. Usiibebe fremu. Baba yako hana kosa. Yule mtu angekuwa ameigonga, angeifungua mpaka nati ya mwisho. Alikuwa akisikia mlio wa mnyororo anashuka katikati ya njia.

Ulihesabu watu watatu. Mmoja ukamwondoa kwa udogo wake. Mwingine hukumtazama kabisa, kwa sababu hujawahi kumwona juu ya baiskeli.

Nitakueleza ninachokijua, kisha naomba ukifunge. Siku baba yako alipoanguka nilipita kwanza pale walipoihifadhi fremu. Niligusa ufa kwa ukucha, rangi ikabanduka laini. Nilijua si yangu, na nilijua ni ya nani, kwa sababu mwezi ule dada yangu alikuwa amepaka kucha rangi hiyohiyo na mimi ndiye niliyemtania kwamba anafanana na baiskeli ya mumewe. Nikakumbuka pia michubuko kwenye kiwiko chake, aliyosema ni ya ngazi.

Nilikwenda hospitali. Baba yako yuko kitandani, mguu umening'inizwa, anauliza: "Nani alifunika ule ufa?" Dada amesimama mlangoni. Nikajibu mimi.

Wapanda baiskeli wote waliacha kuniletea fremu baada ya hapo, na hilo linaniuma kidogo tu. Kuna watu wawili wanakula meza moja mpaka leo. Mimi naona nilifanya biashara nzuri.

Chuma kimekuambia ukweli, basi tosheka. Usimwambie mtu.

Mjomba


Jumapili, 28 Aprili

Mdogo wangu,

Chiriku hakuniambia kitu. Nakuandikia hilo mwanzo usije ukamlaumu.

Nilikwenda kwake Jumatano ya tarehe kumi na saba kumpelekea mapazia niliyomshonea. Niliposukuma mlango wa chumba cha nyuma nikaikuta fremu imebanwa kwenye kibao, nyekundu yote bado ipo, isipokuwa pale. Pale palikuwa peupe, na pembeni yake chupa ya dawa ya kucha na vipande vya pamba vyekundu. Yeye akaja nyuma yangu, akatazama nilichokuwa natazama, akaniuliza kama chai niwekewe sukari. Hakuuliza kingine. Huyo ambaye tulikuwa tunamlipa pipi ili anyamaze.

Nikamwambia, "Kaa chini." Nikamweleza yote. Nilimweleza kwamba nilikuwa nikiitoa baiskeli baba yake akienda kazini, nikijifunza katika kichochoro cha nyuma. Siku ya sita nilikuwa naweza kwenda bila kutetemeka. Siku ya saba breki niliishika nimechelewa, ukuta ukanipokea. Gurudumu na uma wake wa mbele alininyooshea fundi wa njiani mchana uleule. Nikaona rangi imepasuka. Rangi, mdogo wangu. Mimi ni mshonaji, nilidhani nguo imechanika, sikujua mwili umeumia. Ningejua ni chuma, ningesema siku ileile hata kama angenifukuza.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo, asubuhi, nilimwambia mume wangu. Alikuwa ananyoa ndevu. Nilisema nikimtazama kwenye kioo.

"Ule ufa niliufunika mimi. Nilikuwa naendesha baiskeli yako nikagonga ukuta."

Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Na mdogo wako?"

"Hakuwa anajua. Alijua ulipokwisha kuanguka."

Akamaliza kunyoa upande wa pili, polepole, akafuta uso, akachukua fimbo yake akatoka. Alirudi mchana. Alikula. Hadi leo tunapoongea ni "chumvi iko wapi" na "mlango umefungwa". Sijui litaishia wapi. Lakini nalala vizuri, na hilo lilikuwa limenipotea.

Sasa la kwako. Nina hasira nawe na nimezitunza muda mrefu. Siku ile mlangoni mwa wodi nilikuwa nimeshavuta pumzi. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Ndipo nikakusikia: "Ni mimi, shemeji, sikukagua." Ulinichukulia maneno mdomoni. Ulidhani unaniokoa. Labda uliniokoa wiki moja. Baada ya hapo sikuwa na uongo wangu tu wa kubeba, nilikuwa na wako pia, maana kusema kweli kungekufanya wewe mwongo. Kila alipoanza kukusema vibaya nilitoka kwenda kuanua nguo, hata zilizokuwa bado mbichi. Wote wawili mlikaa na heshima zenu, yeye aliyedhulumiwa na wewe mwenye kuvumilia. Mimi nilikaa na nguo mbichi.

Nakupenda. Sitaki kuchukuliwa maneno tena.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Shikamoo.

Barua ya Chiriku ya kwanza nilijibu siku tisa baadaye. Yako nimeianza mara tano.

Sina utetezi. Nilipokusoma nilitaka kusema "lakini nilifanya kwa ajili yako", kisha nikajiuliza kama ndivyo. Nusu ndivyo. Nusu nyingine nilikuwa naona raha kidogo, kukaa huku peke yangu nikijua mimi ni mtu mwema na hakuna anayejua. Ni raha ya kijinga lakini inashibisha. Sikuwahi kufikiri kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaipika.

Ningekutazama usoni pale mlangoni ningeona umevuta pumzi. Nilimtazama yeye tu.

Ukitaka nije nimwambie kwa kinywa changu, nitapanda gari siku nitakayopata barua. Ukitaka ninyamaze nitanyamaza, safari hii kwa ruhusa yako.

Mdogo wako


Jumapili, 19 Mei

Shemeji,

Salamu. Mwandiko wangu utakuwa mgumu kusoma. Kwenye duka langu la mizani huwa naandika namba tu.

Mke wangu aliniambia. Nilikaa siku kumi na moja bila kujua nifanye nini. Kisha nikaenda kwa binti yetu, nikamwambia anionyeshe fremu, ile niliyodhani imeshayeyushwa. Hakuona haya hata kidogo. Alinipa kiti, akanipa lenzi, akaniacha. Nilikagua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Kila tabaka lipo kama alivyosema.

Shemeji, mimi nakagua mizani za watu kila siku. Siwezi kumwambia mwenye duka kwamba mizani yake ni mbovu kabla ya kuweka jiwe la kupimia mara tatu. Lakini fremu ile niliitazama mara moja, nimelala pale nilipoanguka, nyonga inauma, nikatoa hukumu, na hukumu hiyo nikakaa nayo miaka ishirini na miwili bila kuweka jiwe hata mara moja. Wewe ulinidanganya. Yeye alinificha. Mimi sikuuliza. Sijui nani kati yetu alifanya baya zaidi na nimeacha kupima.

Mambo ya kuombana radhi sitayaweka kwenye karatasi. Yana aibu yake, nitayasema ukiwa umekaa mbele yangu.

Nitakueleza jambo lingine. Juma lililopita nilimuuliza mke wangu, "Kwa nini ulitaka kujifunza?" Sikumuuliza kwa ubaya. Akasema, "Kila Jumapili ulikuwa unaondoka asubuhi umenuna na unarudi unacheka. Nikataka kujua huko kuna nini."

Nilichukua utepe wake wa cherehani nikampima mguu, kutoka unyayo mpaka juu. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikapima fremu yangu. Shemeji, fremu ile inamzidi vidole vinne. Alikuwa hawezi kugusa chini hata kwa ncha ya kiatu. Kwa fremu hiyo mtu wa kimo chake, hata angekuwa bingwa, ukuta ungempata. Siku saba alizoiendesha wima ni nyingi mno. Nilimwambia hivyo, na ndiyo siku ya kwanza tangu Jumamosi ile aliyocheka.

Kwa mtu wa vyuma chakavu nimepata fremu ndogo ya chuma, nzuri, mabomba membamba, imeliwa na kutu juu juu tu. Mabomba yote nimeyagonga na kuyasikiliza. Ni mazima. Chiriku ameanza kuikwangua. Mke wangu anataka rangi anayoijua yeye na hasemi.

Binti anaweza kupuliza, lakini mistari ya dhahabu anatetemeka. Njoo. Chumba kipo, na mimi ndiye nitakayekupokea stendi.

Shemeji yako


Jumapili, 30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Umeondoka juzi na chumba cha nyuma kimeanza kufanana na chumba cha mtu mwenye adabu. Sikipendi. Brashi yako ya nywele ndefu umeisahau, au umeiacha. Nachukua kwamba umeiacha.

Kwanza habari za rangi. Buluu ile mliyogombania na Mama siku mbili nzima, ile uliyosema ni ya jalada la daftari, imekauka vizuri kuliko tulivyotegemea. Juani inageuka kidogo kama maji ya kina kirefu. Sikumwambia Mama kwamba umesema amekosea. Nimemwambia umesema alikuwa sahihi. Ukiandika, kumbuka hivyo.

Ile nyekundu nayo imekamilika. Mzee wa gesi aliliunga bomba jipya kwa mkono mwepesi hata Baba alikosa la kukosoa, akakosoa viatu vyake. Leo asubuhi tulizitoa zote mbili kwenye ile barabara tambarare nyuma ya ghala, hakuna magari Jumapili. Baba alikuwa na funguo za nati mfukoni na kitambaa begani, kama anakwenda kufanyia mtu upasuaji. Alipima upepo wa tairi mara tatu.

Yeye alipanda kwanza. Nilikuwa na hofu ya nyonga, nilishika fimbo yake nikiwa tayari kukimbia. Mjomba, chini Baba anachechemea, juu ya baiskeli hachechemei. Alizunguka mara moja, mgongo umelala, miguu yote miwili inakwenda sawasawa, nikamwona kama alivyokuwa nikiwa na miaka saba. Alirudi akashuka kwa taabu, akaanza kuchechemea tena, na wala hakuonekana kujali.

Kisha Mama. Alikuwa amejishonea suruali. Alikaa kwenye kiti cha baiskeli yake ya buluu, akaweka miguu yote miwili chini, bapa, akatazama chini kuhakikisha. Baba akamshikia nyuma ya kiti.

"Usiniachie mpaka niseme," Mama akasema.

"Sawa."

"Usinisemee wewe."

"Sijasema kitu."

Walikwenda hivyo hatua kumi, kumi na tano, yeye anakanyaga, Baba anajikokota pembeni. Kisha Mama akasema, "Sasa," na Baba akaachia mkono.

Aliyumba mara mbili, akanyooka. Akaipita ghala. Akafika kwenye kona, tukadhani atashuka ageuze kama tulivyopanga. Hakushuka. Alikata kona akapotea.

Tulisubiri. Baba alisema atarudi sasa hivi. Alisafisha mnyororo wa baiskeli yake, uliokuwa safi. Alisema kona ile ina mchanga. Nikamwambia amepanda mwenyewe, atajua. Tulikaa nusu saa, Mjomba, na Baba alikuwa ameshaipanda nyekundu akamfuate, ndipo tukamwona. Alikuwa anakuja taratibu, kilemba kimefunguka kinapepea, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Alisimama mbele yetu, mguu mmoja chini. Baba akamuuliza, "Umefika wapi?"

Mama alinyoosha mkono, nikampa chupa ya maji, akanywa hadi nusu, akanirudishia.

"Nimekuja kunywa maji tu," akasema, akageuza baiskeli.

Chiriku